Land Cruiser Kuukuu na Mvua za Masika: Ukaguzi wa Kufanya Nyumbani

Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei. Katika kipindi hicho, barabara nyingi za udongo katika Kaunti ya Taita Taveta huwa hazipitiki ila kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Ndilo hushusha mboga kutoka Werugha, ndilo huitwa usiku kumpeleka mama mjamzito katika Hospitali ya Wesu, na ndilo huvuka makorongo ya nyanda za chini yanapojaa maji.

Mara nyingi gari hilo limekula miaka 20 au 30. Linalojulikana zaidi ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, uliotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1984, na hasa ile yenye injini ya dizeli ya 1HZ ya silinda 6 na lita 4.2. Chuma chake ni kigumu na vipuri vyake hupatikana. Hata hivyo, gari la umri huo huharibiwa na vitu vitatu vinavyoingia mahali pasipo pake: maji, vumbi na joto. Mwenye gari akijua vinapoingilia, anaweza kuvigundua akiwa nyumbani kwa kutumia spana chache, tochi na kitambaa kisafi.

1. Maji

Mahali pa kwanza ni kwenye dizeli. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, kwa hivyo maji yakiifikia huikwaruza na kuitia kutu. Chini ya filta ya dizeli kuna kifunguo cha kutolea maji. Mwenye gari aweke chombo chini yake, alegeze kifunguo hicho, kisha abonyeze pampu ya mkono iliyo juu ya filta hadi dizeli safi ianze kutoka, halafu akaze. Taa ya filta ikiwaka kwenye dashibodi, kazi hii ifanywe siku hiyo hiyo.

Mahali pa pili ni kwenye difu. Gari likitoka safari, ekseli huwa na joto. Linapoingia kwenye maji baridi ya korongo, hewa iliyo ndani ya ekseli hunywea na kuvuta hewa nyingine kupitia kipumulio kidogo kilicho juu yake. Kipumulio kikiwa kimezibwa na tope, maji hufyonzwa kupitia sili. Baada ya kuvuka maji marefu, gari lipumzishwe mahali tambarare, kisha nati ya kujazia oili ya difu ifunguliwe. Oili ikionekana kama chai ya maziwa, imeingia maji na ni lazima ibadilishwe, hata kama ilitiwa wiki iliyopita.

Mahali pa tatu ndipo penye hatari kubwa zaidi: mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo. Yale ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzijoto 205, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzijoto 140 hivi. Dereva anayeteremka kutoka Wundanyi hadi Mwatate akikanyaga breki kila kona hulitia joto kali kila gurudumu. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Kanyagio huzama hadi sakafuni na gari halisimami. Breki hiyo hiyo huenda ilifanya kazi vizuri asubuhi kwenye barabara tambarare, na ndiyo sababu wengi hawaipi maanani.

Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2, na yatoke kwenye mkebe mpya uliofungwa. Mkebe uliokaa wazi gereji umeshanyonya unyevu. Dereva naye ateremke mlima kwa gia ndogo, injini isaidie kulizuia gari.

2. Vumbi

Vumbi jekundu la Tsavo ni laini kama unga, na likipita filta ya hewa husaga kuta za silinda kama msasa. Dalili huonekana baadaye: injini hula oili, hutoa moshi wa samawati na kupoteza nguvu. Filta itolewe na ipulizwe kwa hewa isiyo kali, kutoka ndani kwenda nje. Kisha tochi iwekwe ndani yake mahali penye giza. Mwanga ukipenya kwenye tundu au mpasuko, filta hiyo haifai tena. Isioshwe kwa petroli. Mpira unaounganisha nyumba ya filta na injini nao ukaguliwe, kwa sababu vumbi likipatikana ndani ya mpira huo, limekwisha kupita.

Vumbi hukaa pia kwenye maungio ya propela. Vitundu vya kupigia girisi vipanguswe kwanza, la sivyo bomba la girisi litasukuma mchanga ndani. Nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna tufe la chuma ambalo gurudumu huzunguka juu yake usukani unapokatwa. Likiwa na utando mwembamba wa girisi, hakuna tatizo. Likiwa linachuruzika oili, sili ya ndani imekufa na oili ya difu inaizimua girisi ya kiungo cha ekseli. Hapo gari lipelekwe kwa fundi kabla kiungo hicho hakijakatika safarini.

3. Joto

Kifuniko cha radieta kisifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto. Asubuhi, injini ikiwa baridi, kiwango cha maji kitazamwe pamoja na mipira yake na mkanda wa feni. Maji ya kisima yenye chumvi huacha magaga na kuleta kutu ndani ya radieta, kwa hivyo itumike dawa ya kupozea injini inayopendekezwa kwa gari hilo. Tope na mbegu za nyasi zilizokwama kati ya mapezi ya radieta zioshwe kwa maji yasiyo na kasi, kutoka upande wa injini kwenda mbele.

Gia ya magurudumu manne

Gari likikaa miezi bila gia hii kutumiwa, oili haifiki kwenye vyuma vya mbele na mkono wa gia huweza kukwama siku unapohitajika. Mara moja kwa mwezi, hab za mbele zifungwe na gari liendeshwe kidogo kwenye barabara ya udongo likivuta kwa magurudumu yote. Lisiendeshwe hivyo kwenye lami kavu. Katika kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa, na kwa kuwa hayawezi kuteleza kwenye lami, mkazo wote hubebwa na gia na propela.

Usalama chini ya gari

Hakuna kazi ya nyumbani inayostahili uhai wa mtu. Jeki ni ya kuinulia gari tu. Haimruhusu mtu kuingia chini. Gari lisimame mahali tambarare na pagumu, magurudumu yanayobaki chini yazuiwe kwa magogo mbele na nyuma, kisha uzito ukalishwe kwenye stendi za chuma. Mawe ya kujengea hayafai, kwa kuwa hupasuka ghafla bila kutoa onyo.

Handibreki peke yake pia haitoshi. Katika Land Rover za zamani, handibreki hushika propela ya nyuma badala ya magurudumu. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, gari laweza kusonga na kuanguka kutoka kwenye jeki hata handibreki ikiwa imevutwa. Watoto wawekwe mbali, na anayefanya kazi asiwe peke yake.

Kazi za kumwachia fundi

Mwenye gari anaweza kukagua mabomba ya breki na viungo vya usukani, lakini kuvirekebisha ni kazi ya fundi mwenye ujuzi. Ndivyo ilivyo pia kwa pampu ya dizeli na mkanda wa taiming. Mkanda huu katika injini ya 1HZ huhesabiwa kila kilomita 100,000, na taa ya onyo huwaka kwenye dashibodi. Ukikatika injini ikizunguka, pistoni hugonga vali. Gharama ya mkanda mpya ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kufungua injini nzima.

Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka kila gari lililo barabarani litunzwe katika hali isiyohatarisha watu. Umri wa gari hauondoi wajibu huo.

Oili chafu isimwagwe shambani wala mtaroni, kwa maana mvua huibeba hadi kwenye vijito na visima. Ikusanywe kwenye mtungi wenye kifuniko na kupelekwa kwa gereji au kituo cha mafuta kinachoipokea.

Daftari la gari

Kila kazi iandikwe: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na aliyekibadilisha. Anayenunua gari kuukuu bila rekodi achukulie kwamba mafuta ya breki, oili zote na mkanda wa taiming vimepitwa na wakati, na aanze upya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa wenye magari ya milimani, ufa wa kuzibwa kwanza, kabla ya Machi, ni mafuta ya breki.