Mimba ya Kubakwa: Sheria ya Kongo Inaruhusu Nini, na Uende Wapi

Mama au dada wa Masisi na Walikale, ukibakwa, kosa si lako. Anza na matibabu, kesi itafuata.

Nifanye nini kwanza? Wahi kituo cha afya kabla saa 72, yaani siku 3, hazijapita. Utapewa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, za kumezwa kwa siku 28. Kidonge cha kuzuia mimba husaidia hadi siku ya 5, ila kinywe mapema uwezavyo. Hata ukichelewa, nenda: magonjwa ya zinaa na majeraha bado yanatibika.

Nikishika mimba? Kongo imeridhia Mkataba wa Maputo, mapatano ya nchi za Afrika ya mwaka 2003 kuhusu haki za wanawake. Serikali iliutangaza katika gazeti lake rasmi Machi 2018, na Aprili majaji wakaagizwa kuufuata. Kifungu cha 14 kinaruhusu kutoa mimba hospitalini ikiwa umebakwa, ikiwa umeshika mimba ya ndugu wa damu, au ikiwa mimba inahatarisha uhai wako, afya ya mwili au ya akili.

Sitafungwa? Kanuni ya adhabu bado inamtishia mwanamke kifungo cha miaka 5 hadi 10, lakini Katiba, kifungu cha 215, inaweka mikataba kama huo wa Maputo juu ya sheria za kawaida. Nje ya sababu hizo, adhabu ipo.

Niende wapi, kwa bei gani? Nenda hospitali kuu ya Masisi au ya Walikale. Huduma za Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) ni bure. Goma, hospitali ya HEAL Africa hupokea waliobakwa. Vita vikifunga barabara, muulize reko, mhudumu wa afya wa kijiji, njia iliyo salama.

Na mbakaji? Sheria ya 2006 inampa miaka 5 hadi 20 gerezani. Omba cheti cha daktari, na utunze nguo ulizovaa bila kuzifua.

Usinywe mizizi wala vidonge vya kificho. Kama umeshavitumia, ukaona damu nyingi au homa, kimbilia hospitali leo hii. Na wewe jirani unayesoma haya, msindikize.