Mashine ya Kuvuta Majimaji ya Kidonda: Yanayofaa Kujulikana Nyumbani

Mgonjwa mwenye kidonda kikubwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani, huenda akatoka wadini akiwa na mashine ndogo iliyoning'inia begani. Mrija mwembamba hutoka kwenye kidonda hadi kwenye kopo la plastiki lililoshikamana na mashine, na ndani ya kopo huonekana majimaji ya rangi ya waridi au manjano. Jamaa wengi huingiwa na hofu wakiliona, wakidhani mgonjwa wao ananyonywa damu.

Kinachovutwa ni majimaji yanayotoka kwenye kidonda chenyewe. Daktari au muuguzi hujaza kidonda kwa sponji maalum, hufunika kwa plasta nyembamba inayopitisha mwanga na isiyopitisha hewa, kisha huunganisha mrija. Mashine ikiwashwa huvuta kwa nguvu ambayo mara nyingi huwekwa kwenye milimita 125 za zebaki. Uvimbe hupungua, kingo za kidonda husogeleana na nyama mpya huota. Mbinu hii ilienea baada ya madaktari Louis Argenta na Michael Morykwas wa Marekani kuchapisha matokeo ya utafiti wao mwaka wa 1997. Hutumika kwa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, majeraha ya ajali yaliyofunguka hadi mfupa, na vidonda vya upasuaji vilivyofumuka.

Lakini kinachoponya ni majimaji kutoka. Yakikwama chini ya plasta iliyofungwa kabisa, kidonda hukaa ndani ya unyevu na joto, mahali ambapo viini huzaana haraka. Mashine iliyozimika huku plasta ikiwa bado imefungwa inaweza kuwa mbaya kuliko kidonda kisicho na mashine kabisa.

Saa mbili tu

Ndiyo sababu wauguzi husisitiza kwamba mashine isikae ikiwa imezimwa kwa zaidi ya saa 2 kwa jumla katika saa 24. Kwa jumla, si kwa mara moja. Dakika 40 za kuoga asubuhi, saa nzima ya kupotea kwa stima jioni na nusu saa ya kusahau kuiwasha tena tayari zimepita kiwango hicho.

Katika nyumba nyingi tatizo kubwa litakuwa stima. Betri ichajiwe kila inapopatikana nafasi, isingojewe hadi ilie. Kabla ya kuondoka hospitalini, jamaa amuulize muuguzi betri ya mashine hiyo hudumu saa ngapi, kwa kuwa mashine hutofautiana, na achukue nambari ya simu ya wadi. Saa 2 zikipita bila mashine kufanya kazi, plasta na sponji yote lazima viondolewe na kidonda kisafishwe, kisha kifunikwe kwa shashi safi iliyoloweshwa kwa maji ya chumvi yaliyotolewa hospitalini. Kazi hiyo ni ya muuguzi, au ya jamaa aliyefundishwa na kukabidhiwa vifaa. Asiyefundishwa asijaribu, ampeleke mgonjwa katika kituo cha afya kilicho karibu, hata kama ni usiku.

Sponji na ngozi

Mashine ikivuta vizuri, sponji hunywea, hukunjamana na huwa ngumu ukiigusa juu ya plasta. Ikiwa imefura na ni laini kama sponji ya kuoshea vyombo, hewa inaingia mahali fulani au mrija umeziba. Kengele ya mashine hulia kwa sababu hizo hizo. Kagua kwanza kama mrija umekunjwa chini ya mguu au godoro, kisha pitisha kidole taratibu kwenye kingo za plasta ukisikiliza mlio wa hewa. Kuzima kengele na kurudi kulala si suluhisho, ingawa kishawishi hicho kinaeleweka saa nane za usiku.

Ngozi iliyo kando ya kidonda inataka ukavu. Sponji ikigusa ngozi nzima, ngozi hiyo huloa, huwa nyeupe na kulainika kama vidole vya mtu aliyefua nguo siku nzima, kisha huchubuka na kidonda kupanuka. Jasho pia hulegeza plasta. Mafuta ya kujipaka yasitumike karibu na hapo, kwani plasta haitashika. Mgonjwa aoge kwa kitambaa na beseni, sehemu ya kidonda na mashine vikiwa mbali na maji.

Kopo nalo liwe wima na chini ya usawa wa kidonda. Likilala, majimaji yanaweza kufikia kichujio na mashine ikasimama. Hubadilishwa linapojaa, au angalau mara moja kwa wiki hata kama halijajaa. Halimwagwi na kurudishwa. Kopo lililotumika lirejeshwe hospitalini litiwe kwenye mfuko wa manjano wa taka zenye viini. Lisitupwe chooni wala jalalani ambako watoto hucheza.

Dalili za hatari

Majimaji hutarajiwa kupungua kadiri siku zinavyosonga. Yakigeuka mazito, ya kijani au yenye harufu kali, au mgonjwa akipata homa, arudi hospitalini siku hiyo hiyo. Damu nyekundu inayotiririka kwenye mrija au kujaa ghafla kwenye kopo ni dharura: zima mashine, usibandue plasta, kandamiza juu ya kidonda kwa nguvu na mkimbize mgonjwa hospitalini. Mwaka wa 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari baada ya kupokea ripoti za vifo 6 na majeraha 77 katika miaka miwili. Kutokwa na damu ndilo lililokuwa tatizo kubwa zaidi, na vifo vingi vilitokea nyumbani au katika makao ya kutunzia wagonjwa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema, kabla mashine haijawekwa.

Tahadhari hiyo ilitaja pia vipande vya sponji vilivyosahaulika ndani ya vidonda. Sponji kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya saa 48 hadi 72, na muuguzi huandika juu ya plasta idadi ya vipande alivyoweka. Jamaa ana haki ya kuuliza idadi hiyo na kuhesabu pamoja naye vinapotolewa, hasa mgonjwa anapohudumiwa katika kituo tofauti na kile alikofungwa mara ya kwanza.