Upupu si Ivy: Mimea Itambaayo na Majina Yake

Mhudumu wa afya wa Butiama au Bunda apokeapo mgonjwa mwenye mwasho mkali baada ya kukata kuni, huenda akafungua kitabu cha tiba cha Marekani na kukuta humo mmea uitwao poison ivy. Akilitafsiri jina hilo kuwa upupu, amekwisha kupotea njia kabla ya kumgusa mgonjwa.

Ivy halisi, Hedera helix, ni mmea wa Ulaya na Asia ya Magharibi ushikao kuta kwa vijizizi vya shina lake. Dondoo la majani yake hutiwa katika baadhi ya dawa za maji za kikohozi. Poison ivy, Toxicodendron radicans, si ndugu yake hata kidogo. Ni jamaa ya mkorosho na mwembe. Mafuta yake, urushioli, huleta mzio wenye malengelenge, ambao kwa kawaida hujitokeza baada ya siku moja au mbili. Mbangua korosho wa Mtwara ana sababu ya kuujua ugonjwa wa namna hiyo kuliko mkulima wa Musoma.

Upupu, Mucuna pruriens, ni wa ukoo wa maharage. Manyoya ya ganda lake huchoma ngozi na kuacha humo kimeng'enya kiitwacho mukunaini, kinachoamsha neva za mwasho moja kwa moja. Ndiyo sababu mwasho huanza papo hapo, na ndiyo sababu vidonge vya mzio, vilivyoundwa kuzuia histamini, husaidia kidogo tu. Mgonjwa asijisugue. Avue nguo, abandikwe plasta na kubanduliwa mara kadhaa ili manyoya yatoke, kisha aoshwe kwa maji mengi. Yakiingia jichoni, lioshwe kwa maji safi yasiyopungua dakika 15, na mgonjwa afike kituoni siku hiyo hiyo.

Mbegu zina hatari nyingine. Zimebeba levodopa, dawa ile ile ya ugonjwa wa Parkinson, ambayo ilitengwa kutoka katika mbegu hizo mwaka 1937. Mara nyingi hufikia asilimia 4 hadi 6 ya uzito wake. Mwenye Parkinson anayeongeza unga wa mbegu juu ya vidonge vyake hajui amekunywa dozi gani. Mwaka 1990 iliripotiwa kutoka Msumbiji kwamba watu waliozila wakati wa dhiki ya chakula walipatwa na wazimu wa ghafla.

Katika mkoa huu jina halitoshi. Mgonjwa mmoja husema Kijita, mwingine Kikwaya, Kizanaki au Kiikizu, na neno moja la kienyeji laweza kubeba mimea zaidi ya mmoja. Ndugu wa mgonjwa aombwe kuleta kipande cha mmea wenyewe, ganda na jani pamoja, ndani ya mfuko uliofungwa, bila kukishika kwa mkono mtupu.