SOMO LA JUMA: UKIPATA ITHEMBO SHAMBANI MWAKO

Maandiko: Yohana 4:19-24, Matendo 17:22-28, Waamuzi 6:25-27

Siku hizi mashamba yanakatwa ploti kila upande, Mua mpaka Iveti. Mtu ananunua robo eka, anaweka bikoni, halafu mzee jirani anamwambia, "Hapo palikuwa ithembo." Kutoka siku hiyo halali. Je, ajenge? Akate ule mti? Aite mtu?

1. Ijue historia yako
Ithembo limetoka kwa neno kuthemba, yaani kutoa sadaka. Wazee walipeleka chakula au mbuzi pale kuomba mvua, kushukuru kwa mavuno, au ugonjwa ulipoingia kijijini. Mara nyingi palikuwa chini ya mkuyu mkubwa, na ilikuwa mwiko kukata miti ya hapo. Ndiyo maana hata leo ukiona kisitu cha miti mizee katikati ya mashamba matupu, uliza wazee.

Tusifiche ukweli: sadaka nyingi zilielekezwa kwa aimu, roho za waliokufa. Hiyo si ibada yetu. Lakini Biblia ya Kikamba yenyewe inaita madhabahu kithembeo, neno la mzizi huo huo. Neno lilibaki, likapewa Bwana mwingine.

Angalia pia Nzaui, kule Makueni. Wazee husimulia kwamba Mulungu aliwashusha watu wa kwanza juu ya mwamba ule. Ni huko huko Nzaui, mwaka wa 1895, Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walifungua kituo chao cha kwanza. Scott alikufa mwaka uliofuata, akiwa na miaka 29 tu. Injili haikupakwepa mahali pale.

2. Usinunue hofu
Mimi nilisomea biashara, na soko nalijua: palipo na hofu, hapakosi mtu wa kuuza dawa yake. Ukiambiwa ulete pesa ndipo madhabahu ya shamba ivunjwe, jiulize damu ya Yesu ilipungukiwa na nini. Yule mama Msamaria aliuliza ni mlima gani wa kuabudia. Yesu hakumchagulia mlima. Alimwonyesha Baba, anayeabudiwa katika roho na kweli. Basi ingia shambani na familia yako, mwombe Mungu, halafu chimba msingi. Hakuna risiti.

3. Lakini Gideoni je?
Gideoni alibomoa madhabahu iliyokuwa bado inatumika, nyumbani kwa baba yake mwenyewe, na kwa agizo la Mungu. Si sawa na kuangusha mkuyu ambao hakuna anayeuabudu, kisha uuze makaa na kuita huo ushindi. Paulo kule Athene alizunguka akiangalia mahali pao pa ibada, na hakubomoa hata kimoja. Alianzia hapo kuhubiri. Mti ni wa Mungu. Unashika udongo na kuleta kivuli. Kinachong'olewa ni hofu iliyo moyoni.

Ya kujadili kwenye seli
- Je, kuna ithembo karibu na kwenu? Nani bado anajua habari zake?
- Wewe unaogopa mahali gani, na kwa nini?

Tuombe: Baba, dunia yote ni yako, na shamba langu pia. Niondolee hofu, nipe hekima. Katika jina la Yesu, amina.