JE, TWAONA KWA MACHO AU KWA UBONGO?

Najua wengi wenu hufungua kurasa hizi mkitafuta mashairi na vitendawili. Mimi leo nawaletea somo la afya.

Tuanze na jaribio. Fumba jicho la kushoto utazame ubaoni. Bado waona karibu darasa zima, hata madirisha ya kushoto, sivyo? Sasa fikiria mtu aliyefungua macho yote mawili, tena mazima, na bado haoni kitu kilicho kushoto kwake. Ana ugonjwa gani wa macho? Hana! Kasoro iko kisogoni.

Jicho hupokea mwanga tu. Habari zake husafirishwa na neva hadi sehemu ya nyuma ya ubongo, na huko ndiko tunakotambua tunachokiona. Njiani, karibu nusu ya nyuzi za neva za kila jicho huvuka kwenda upande wa pili. Ndiyo maana ubongo wa kulia hushughulikia mambo ya kushoto ya macho yote mawili. Daktari Mjapani, Tatsuji Inouye, aliwapima askari waliopigwa risasi kichwani wakapona katika vita vya Japani na Urusi vya 1904-1905. Mwaka wa 1909 alichapisha kitabu akionyesha ni sehemu gani ya ubongo inayoona upande gani.

Mjomba wangu, dereva wa matatu, alipata kiharusi mwaka wa 2023. Mkono haukupooza wala mdomo haukwenda upande, basi hakuna aliyeshuku. Alianza kugonga milango kwa bega la kushoto. Akisoma gazeti, "kitabu" kwake kilikuwa "tabu". Watu walimwamkia kutoka kushoto akawapita, wakasema eti anaringa! Miwani ilinunuliwa mara mbili na pesa zikaenda bure, mpaka alipopigwa picha ya ubongo ndipo tukajua. Mwenyewe hakuwa akiona giza. Kwani wewe waona giza nyuma ya kisogo chako? Huoni kitu, basi.

Je, hurudi? Kwa wengine hurudi kiasi, hasa miezi mitatu ya kwanza. Baada ya hapo kazi kubwa ni kuyafunza macho kutafuta. Yanatakiwa yaruke mbali, yavuke mpaka wa nusu ile inayoona, halafu yarudi polepole. Mama humwaga maharagwe mezani, naye Mjomba huyaokota akianzia ukingo wa kushoto, safu kwa safu. Gazetini mimi humchorea mstari mwekundu pambizoni kushoto. Haruhusiwi kusoma mstari wowote kabla ya kuiona rangi hiyo. Mwanzoni alikasirika, akasema twamfanya mtoto wa chekechea. Sasa husoma ukurasa mzima, ingawa huchoka upesi.

Wako wagonjwa wenye shida ngumu zaidi: ubongo umesahau kabisa kwamba kuna kushoto. Mtu hunyoa ndevu za shavu moja akaridhika. Huyo hukumbushwa kwanza kwamba upande huo upo.

Barabara ndiyo inayotutia hofu. Hapa Kenya magari hupita kushoto. Ukitaka kuvuka, ya karibu hutokea kulia, na hayo Mjomba anayaona vizuri. Akifika katikati, hatari hutokea kushoto, na kumbe huko ndiko hakuna kitu! Kwa hiyo mmoja wetu hutembea kushoto kwake, naye amefunzwa kusimama na kugeuza kichwa mpaka kidevu kiguse bega.

Kuhusu matatu, daktari alikataa. Mjomba hushikilia kwamba mtu anayesoma gazeti zima aweza kushika usukani. Mama naye humjibu kwamba gazeti halina abiria kumi na wanne. Leseni iko kabatini, na ubishi huo bado haujaisha nyumbani.