Sikio la mbwa si josho

Masika yanaelekea ukingoni, nyasi zimefika magotini, na barua nilizopata wiki hizi tatu zinalia kilio kimoja: mbwa wa boma anatikisa kichwa usiku kucha, anajikuna sikio mpaka linatoka damu, na mwenyewe ameshamtia dawa lakini hali inazidi. Msomaji wa Hai ameeleza kwa uaminifu alichotia. Ni dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya amitrazi, kifuniko kizima, bila tone la maji. Wa Mvomero alitia mafuta ya taa. Wawili wa Njombe walimimina oili chafu ya gari.

Nyote mnajua kuogesha mifugo, kwa hiyo nitaanza na hesabu mnayoifanya kila wiki. Amitrazi ya asilimia 12.5 huchanganywa takriban mililita 2 kwa lita 1 ya maji. Hakuna kati yenu anayeweza kummwagia ng'ombe wake dawa ile ikiwa mbichi, maana anajua atamuua au atamchuna ngozi. Lakini mtu yuleyule humwinamia mbwa na kumtilia sikioni dawa yenye nguvu mara 500 ya ile ya josho, tena kwenye ngozi laini kama ya ndani ya mdomo. Dawa huunguza, kisha hupenya mwilini. Mbwa hulegea, mapigo ya moyo hupungua, mwili hupoa. Mfugaji akimwona amelala kimya husema ametulia, dawa imefanya kazi. Hajatulia. Amelewa sumu, na anatakiwa kufikishwa kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Mafuta ya taa nayo huunguza. Oili chafu hunasa vumbi na kuziba njia, na chini ya ule utando uchafu huendelea kuoza. Spiriti ya vidonda ikikuta sikio lililochubuka humpa mbwa maumivu ambayo hatayasahau, na siku nyingine hutamgusa kichwa.

Sababu ya haya yote ni umbo la sikio lenyewe. Njia ya sikio la mbwa inashuka chini kwanza, kisha inakata kona kuelekea ndani ya kichwa, na kiwambo kiko baada ya kona. Chochote unachomimina kinatuama pale. Ndiyo maana vijiti vya pamba navyo sivitaki: vinasukuma nta na uchafu mpaka konani na kuushindilia. Kiwambo kikishatoboka, hata dawa nzuri inaweza kuharibu sikio la ndani. Mbwa atainamisha kichwa upande mmoja, atazunguka kama mlevi, na huenda akabaki kiziwi. Mlinzi kiziwi hasikii mwizi akikata waya wa banda.

Wanaochochea tabia hii nawajua, na nyinyi mnawajua. Ni wachuuzi wa mnadani wenye chupa zisizo na lebo, wanaouza "dawa ya masikio" bila kumtazama mbwa wala kuuliza ana uzito gani. Wengine sasa wanachoma sindano ya ivamektini ya ng'ombe kwa kukadiria kwa macho. Kipimo cha ng'ombe ni kama mililita 1 kwa kilo 50 za uzito. Mbwa wengi wa vijijini hawafiki hata kilo 20. Mchuuzi anavuta mililita 2, anachukua hela, anapanda pikipiki. Mbwa akitetemeka na kupofuka usiku ule, namba yake ya simu haipatikani. Msiwape hela zenu watu hawa.

Kabla ya kutia chochote, tazama na unuse. Uchafu mweusi mkavu, kama kahawa iliyosagwa, hasa kwa watoto wa mbwa, mara nyingi ni utitiri. Unaambukiza, kwa hiyo mbwa wote na paka wa nyumbani watibiwe pamoja. Nta ya kahawia yenye mafuta na harufu ya hamira ni dalili ya fangasi. Usaha unaonuka ni bakteria. Kama mbwa alikuwa mzima asubuhi, akarudi kutoka shambani anatikisa kichwa upande mmoja tu, shuku mbegu ya nyasi yenye ncha, ambayo huingia ndani na hairudi nyuma. Kwa dalili zote hizi kazi ya nyumbani inaishia hapo, muone daktari. Vivyo hivyo ndewe likivimba kama mfuko wa maji: ni damu iliyovilia kwa kutikisa kichwa sana. Msilitoboe kwa sindano.

Kupe wa kwenye ndewe unaweza kumtoa mwenyewe. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu bila kupindisha, usimminye tumbo kwa vidole. Mbwa aliyekuwa na kupe wengi akianza homa, fizi zikapauka na mkojo ukawa mwekundu, hilo si suala la sikio tena, wahi.

Sikio zima, lisilonuka wala kuuma, halihitaji kusafishwa kila siku. Mbwa wa masikio yaliyosimama huenda asihitaji kabisa. Wale wa masikio yaliyolala, mara moja kwa wiki mbili au tatu inatosha kipindi cha mvua. Nunua dawa ya kusafishia masikio ya mbwa kwenye duka la mifugo lenye mtaalamu. Usipoipata, chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko cha chai cha chumvi, acha yawe vuguvugu. Inua ndewe juu, jaza taratibu, kanda shina la sikio kwa kama nusu dakika mpaka usikie majimaji yakicheza ndani. Muachie ajitikise, simama kando. Kisha zungushia pamba au shashi kwenye kidole, futa pale kidole kinapofika na usiende zaidi, halafu kausha vizuri. Sikio linaloachwa na unyevu ndilo linalokaribisha fangasi.

Mfunge mdomo kwa kitambaa laini kwa muda huo mfupi, hata kama ni mpole. Mbwa mwenye maumivu huuma. Akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyo, na nitauliza kwanza kama alichanjwa kichaa cha mbwa mwaka huu.

Msomaji wa Lushoto anauliza kama akimkata mbwa wake masikio ugonjwa utaisha, maana jirani amemwambia hivyo. Hautaisha. Ugonjwa uko ndani ya njia ya sikio, na unachokata ni ndewe tu. Utampa kidonda cha pili, na nzi wanaouma watakifuata.