Kiongozi Asiye na Hatia Mbele ya Wachunguzi

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii yapendwa sana katika nchi yetu, na mara nyingi hutumika mahali isipostahili. Redio ikitangaza jioni kwamba kiongozi fulani anachunguzwa, baba hutikisa kichwa na kuitamka, mama huitikia, na watoto waliokaa kando yao hujifunza kwamba mtu akisha kutajwa amekwisha kuhukumiwa. Kesho yake habari hiyo hupelekwa shuleni, sokoni na kisimani, wala hakuna amuulizaye mwenziwe ni nani aliyeshuhudia.

Basi leo twataka kulitazama jambo hili kwa utaratibu kidogo. Mtu mwenye madaraka, ambaye kweli hana hatia, akipashwa habari kwamba anachunguzwa, yampasa aseme nini mbele ya watu? Na je, sisi twaweza kumtambua kwa maneno yake?

Twende kwanza Pemba, upande wa magharibi wa kisiwa, katika Mtambwe, si mbali na Wete. Wapendao mambo ya kale wapajua mahali hapo kwa sababu nyingine: mwaka 1984 zilichimbuliwa huko Mtambwe Mkuu sarafu za zamani zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha. Lakini sisi twapataja kwa ajili ya mtu aliyezaliwa huko mwaka 1943, Seif Sharif Hamad, ambaye nchi nzima ilimwita Maalim kwa kuwa alikuwa amefundisha shule kabla ya kuingia katika siasa. Mwaka ule ule wa 1984 alifanywa Waziri Kiongozi wa Zanzibar. Januari 1988 aliondolewa katika cheo hicho, na kabla ya mwaka kwisha akafukuzwa katika chama. Mei 1989 alikamatwa, akashitakiwa kwamba alikuwa na nyaraka za siri za Serikali kinyume cha sheria. Alikaa kizuizini hadi Novemba 1991, yaani miezi 30 hivi. Hakupata kuhukumiwa kuwa na hatia kwa shitaka hilo.

Hatuandiki haya ili kuamua ugomvi wa vyama. Wasomaji wetu wamo katika vyama vyote, na wengine hawamo katika chama cho chote. Twayaandika kwa sababu yatufundisha jambo ambalo watu hulisahau. Husemwa kwamba asiye na hatia hana cha kuogopa. Si kweli. Asiye na hatia haogopi ukweli, lakini ana haki kabisa ya kuogopa njia itakayotumika kuutafuta, na muda utakaopita kabla haujapatikana. Miezi 30 ni muda wa mtoto kuzaliwa, kutambaa, kutembea na kuanza kusema, na baba yake hayupo. Siku zile kilikuwapo chama kimoja tu, na magazeti yalikuwa machache. Mtu aliyefungiwa hakuwa na mimbari ya kujitetea.

Kwa hiyo ombi la kwanza la kiongozi mwenye moyo safi ni kwamba achunguzwe upesi na mbele ya macho ya watu. Haombi asichunguzwe. Msomaji na alipime neno hili, maana lina faida kubwa. Mara nyingi mwenye kuficha jambo hupenda ahirisho: leo mgonjwa, kesho wakili hayupo, kesho kutwa faili halionekani. Mwenye kweli huhesabu siku, kwa maana kila siku ipitayo yampunguzia heshima ambayo hakuna mahakama iwezayo kumrudishia kamili.

Lipo na jambo dogo la ofisini, ambalo labda laonekana halina maana. Kiongozi anayeondoka katika cheo na akabidhi karatasi zote kwa orodha, orodha itiwe sahihi na pande mbili, naye abaki na nakala. Kazi hiyo ni ya nusu siku tu. Wangapi wameingia katika mashaka kwa sababu hawakuifanya! Hilo ni kweli kwa waziri, kwa katibu wa chama cha ushirika, na hata (tukubali) kwa mweka hazina wa parokia.

Sasa twende katika habari ya pili, ambayo imeungana na ya kwanza, kwa kuwa aliyekuwa Rais wa Zanzibar mwaka 1984, alipoteuliwa Waziri Kiongozi huyo wa kutoka Mtambwe, ndiye Ali Hassan Mwinyi. Miaka saba kabla ya hapo Mzee Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani katika Serikali ya Muungano. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga yalikuwapo mauaji mengi ya watu, hasa wanawake wazee, waliodhaniwa kuwa wachawi. Mwaka 1976 askari na maofisa wa usalama walifanya msako mkubwa wa kuwatafuta wauaji. Katika msako huo watuhumiwa waliteswa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa dola. Waziri hakuwapo katika vyumba vile, wala hakuna aliyemshitaki kuwa alimpiga mtu au kumwamuru askari ampige. Hata hivyo Januari 1977 alimwandikia Mwalimu Nyerere kuomba kujiuzulu. Alijiuzulu pia Peter Siyovelwa, waziri aliyehusika na usalama, pamoja na wakuu wa mikoa hiyo miwili.

Sisi tuliozaliwa baada ya siku hizo tulifundishwa habari hii seminarini, katika somo la maadili, nami nakumbuka kwamba darasa liligawanyika. Wenzetu wengine walisema: kama hakutenda, kujiuzulu kwake ni kujisingizia, amewapa watu sababu ya kudhani kwamba alitenda. Ni hoja yenye nguvu, wala tusiidharau. Jibu lake ni kwamba ziko hatia mbili ambazo watu huzichanganya. Iko hatia ya mkono uliotenda, na uko wajibu wa cheo kilichosimamia. Mtu aweza kuwa safi kabisa katika ile ya kwanza, na bado akadaiwa katika huo wa pili. Mwenye kundi hulipa mbuzi aliyepotea hata kama ni mchungaji aliyelala. Waziri alisema, kwa tendo lake, kwamba wale waliokufa walikufa chini ya paa la wizara yake.

Tena kujiuzulu huko kulifanya kazi nyingine ambayo hotuba isingeweza kuifanya. Kuliwafungulia njia wachunguzi. Askari wa chini huona shida kusema kweli juu ya mambo ya wizarani wakati waziri mwenyewe angali ndiye atiaye sahihi barua ya kumpandisha cheo au kumwachisha kazi. Waziri akiondoka, ndimi hufunguka. Na watu hawakumdharau. Mwaka ule ule alipelekwa kuwa Balozi nchini Misri, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano kwa miaka kumi. Alipofariki tarehe 29 Februari 2024, barua ile ya mwaka 1977 ilitajwa tena na wengi waliomlilia.

Lakini tusidhani kwamba kila ajiuzuluye amekiri, au kwamba kila ajiuzuluye ametendewa haki. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu baada ya Kamati Teule ya Bunge, chini ya Dakta Harrison Mwakyembe, kutoa taarifa juu ya mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Alilalamika mbele ya Bunge kwamba Kamati haikumwita kumhoji. Upande wa Kamati ulijibu kwamba ushahidi ulijitosheleza. Hakushitakiwa mahakamani kwa jambo hilo hata alipofariki Februari 2024, na mpaka leo nyumba zetu zimegawanyika juu yake. Kwa maoni yetu, lawama ile ya kutosikilizwa ilikuwa na uzito, hata kama mengine yote yangethibitika. Katiba yetu, katika ibara ya 13, yatoa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, tena yakataza mtu aliyeshitakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Haisemi kwamba haki hiyo ni ya watu wema tu.

Basi kiongozi asiye na hatia aseme nini? Tukiombwa kumwandikia tamko, tungeliandika fupi hivi: «Nimepata habari ya uchunguzi. Jambo ninaloshutumiwa sikulitenda. Karatasi za ofisi zote nimezikabidhi kwa orodha. Waliokuwa wakifanya kazi chini yangu wako huru kusema yote wanayoyajua, na hakuna atakayepata madhara kutoka kwangu kwa kusema. Naomba nisikilizwe, na taarifa ikisha kukamilika itangazwe yote.»

Neno lililo zito kuliko yote katika tamko hilo ni lile la watumishi. Kukana ni rahisi. Mwenye kosa na asiye na kosa hukana kwa maneno yale yale. Lakini kumruhusu dereva, karani na mweka hazina wako kusema bila woga ni jambo ambalo mwenye siri halithubutu. Neno la mwisho nalo ni gumu, maana taarifa ikitangazwa yote, hutangazwa pamoja na makosa madogo, uzembe na aibu ambazo kila ofisi inazo. Mwenye kweli hukubali aibu ndogo ili asibandikwe kubwa isiyo yake.

Msomaji aangalie pia yasiyomo. Hamna hesabu ya mema aliyoyatenda zamani, visima alivyochimba na madarasa aliyoezeka, kwa maana hakuna aliyemuuliza habari za visima. Hamna matusi kwa wachunguzi. Wala hamna maneno haya tunayoyasikia kila mwaka: wananiandama kwa sababu ya kabila langu, au dini yangu, au kisiwa nilichotoka. Hapa twasema kwa uangalifu. Watu wa Pemba wamekuwa na sababu za kweli za kunung'unika, na mambo ya mwaka 2001 tutakayoyataja hivi punde yatosha kuonyesha. Yawezekana kabisa kwamba mtu aandamwe kwa ajili ya alikotoka. Lakini hilo nalo ni shutuma, nalo lahitaji ushahidi kama shutuma nyingine. Kiongozi aliye nao autoe. Asiye nao asiwaingize maelfu ya majirani katika kesi yake, wagombane visimani kwa ajili yake, naye akiisha kupona awasahau.

Na sasa twatoa onyo juu ya haya yote tuliyoyasema. Alama hizi si ushahidi. Liko jambazi lenye sauti ya upole na karatasi zilizopangwa vizuri. Yuko mtu mwema ambaye hasira humpanda, akasema ovyo mbele ya waandishi wa habari, akaonekana mkosaji. Yuko mwingine anyamazaye kwa kuwa wakili wake amemkataza kusema, nasi twasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Uso wa mtu haukuapishwa kutoa ushahidi. Kwa hiyo tamko jema latufaa kujua kama kiongozi ameutendea vyema umma, yaani kama ameiachia kweli njia ipite. Kama alitenda au hakutenda, hilo waulizwe mashahidi na hesabu za fedha.

Imebaki habari ya mtu wa juu kabisa, ambaye juu yake hakuna waziri wa kujiuzulu. Tarehe 27 Januari 2001, baada ya uchaguzi uliobishaniwa, wafuasi wa chama cha CUF waliandamana Unguja na Pemba. Huko Pemba, katika Wete, Micheweni, Chake Chake na kwingineko, askari waliwapiga risasi. Watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwa vyombo vyao wakakimbilia Kenya, wengi wao Shimoni. Oktoba mwaka huo vyama viwili vilitia sahihi Muafaka, na moja ya masharti yake lilikuwa kuundwa tume ya kuchunguza. Rais Benjamin Mkapa aliiunda Januari 2002, chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita. Taarifa yake ilihesabu watu 31 waliokufa. Shirika la Human Rights Watch, kwa uchunguzi wake lenyewe, lilisema hawakupungua 35.

Hesabu hizo mbili hazilingani, na familia za waliokufa hazikuridhika, wala hatuwezi kuwaambia waridhike. Hata hivyo tume ilikuwapo, iliitwa na yule ambaye majeshi yote yalikuwa chini yake, na idadi ya wafu iliandikwa katika karatasi ya Serikali. Rais Mkapa alimaliza muda wake mwaka 2005. Angeweza kunyamaza. Mwaka 2019 alitoa kitabu cha maisha yake, na humo aliandika juu ya mauaji ya Pemba kuwa ni doa katika miaka yake ya urais. Hakusema kwamba alifyatua risasi, maana hakufyatua. Alifariki Julai mwaka uliofuata, akazikwa kijijini kwake Lupaso. Maalim Seif alifuata Februari 2021, akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, akazikwa kwao Mtambwe.